Sungura Haitiki

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa harufu. Kichwa cha Sungura kilinuka maziwa.

Mtu ambaye hajafanya kazi ile atauliza, sasa maziwa yana ubaya gani? Lakini vazi lile lilinuka jasho tangu mwaka liliponunuliwa, jasho la kila kijana aliyewahi kuingia ndani yake, na Naliaka alikuwa ameizoea harufu hiyo vile mtu huzoea moshi wa jiko lake mwenyewe. Jumamosi hiyo asubuhi alipokitoa kichwa kwenye msumari ili akianike juani kidogo, kilichomjia puani hakikuwa jasho. Ilikuwa harufu ya nyumba iliyo na mzazi: maziwa ya kifuani, yale humwagikia nguo ya mtoto mchanga yakachachia pale shingoni. Akakinusa tena. Akasema moyoni, labda ni Brayo amekunywa maziwa mala akiwa amevaa, kijana huyo hana adabu. Akakianika, akaendelea kufagia.

Mahali penyewe ni nje ya Kitengela, ukishapita nyumba za mwisho unaelekea Isinya, pale uwanda unapojitandaza wazi hadi macho yachoke. Ni uwanja wa watoto. Kuna bembea, kuna treni ndogo ya kuzunguka, kuna ngome ya mpira iliyojazwa upepo ya kurukia. Jina lake limeandikwa getini kwa rangi nyingi, lakini hakuna mtu hulitumia. Watu wa Noonkopir husema tu, tunapeleka watoto kwa Sungura.

Na Sungura bila Naliaka hangeenda popote. Kichwa kile kilikuwa kikubwa kama sufuria ya harusi, na aliyekivaa aliona kupitia wavu mdogo wa mdomoni, akaona miguu yake na vumbi basi. Kwa hivyo lazima awe na mtu wa kumshika mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Naliaka. Alimtoa Sungura kwenye chumba cha mabati, akamwongoza, akapanga watoto foleni, akachuchumaa mbele ya kila mmoja na kumuuliza, na wewe unaitwa nani? Kisha angegeuka na kusema, "Sungura, huyu ni Lennox. Lennox amekuja kukuona." Mtoto akisikia jina lake limepelekwa kwa Sungura, uoga wote humwisha. Wale wa kulia aliwabeba mgongoni kwanza, akawaonyesha Sungura kutoka mbali, akawaambia, huyu hata yeye huogopa watoto wapya. Alikuwa na mkono mwema na watoto, huyo mwanamke wa Kimilili. Wazazi walitoka huko Laiser Hill wakiuliza kama yule mama wa upole yuko.

Sheria ya kazi ilikuwa moja tu, na kila kijana mpya wa kuvaa aliisikia kutoka kinywani mwa Naliaka kabla hajagusa hilo vazi. "Ukiitwa, usiitike. Hata nikikuita mimi. Sungura akiongea, watoto watajua ni mtu." Akiulizwa kitu, Sungura aliinua viganja vyake viwili vya manyoya akaviweka mdomoni, hivi, na watoto wakacheka. Akikubali alitikisa kichwa. Akifurahi alishika mashavu. Akisikia njaa alisugua tumbo. Na watoto walipouliza, na yeye anaitwa nani, Naliaka alijibu, anaitwa Sungura tu, hajapewa lingine.

Hajapewa lingine. Alilisema hilo neno kila siku, kwa miaka, mbele ya kile kichwa.

Basi hiyo Jumamosi. Brayo alikuwa hajafika. Binti yake Naliaka, Elsie, msichana wa darasa la tatu, alikuwa amekuja naye kwa sababu shule imefungwa siku hiyo, amekaa nje kivulini anachora nyumba kwa penseli. Naliaka alikirudisha kichwa ndani, akakiweka juu ya stuli, na alipokuwa anakunja glavu akasikia kilio.

Alidhani ni paka. Akaingiza mkono ndani ya kichwa, akapapasa sponji yote, hakuna kitu. Lakini palikuwa na joto mle, na unyevunyevu, kama mahali ambapo mtu ametoka kulala sasa hivi. Na kilio hakikuwa cha paka. Mwanamke aliyezaa hakosei sauti hiyo. Kilikuwa cha mtoto wa siku chache, kile chembamba cha kukatikakatika, na kilitoka mle ndani.

Mwingine angekimbia. Yeye mikono yake ilikuwa imeshachukua kichwa na kukipakata kabla akili haijaamua. Huko kwao mtoto mchanga akilia na asinyamaze, hawamlaumu. Wanasema kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anamtafuta, anataka jina lake lirudi nyumbani. Basi bibi hukaa na mtoto mapajani na kuita majina ya marehemu, mmoja mmoja, polepole, na jina ambalo mtoto atanyamazia, hilo ndilo lake. Naliaka alimwona kukhu wake, bibi yake, akifanya hivyo kwa watoto wa boma zima. Alimsikia hata sasa, sauti yake ya ugoro, ikisema, mtoto halilii maziwa peke yake, hulilia kujulikana.

Akaanza kuita. Mwanzo ilikuwa kama mchezo. Nasambu. Wekesa. Namalwa. Kilio kikaendelea. Akaita upande wa mama yake, akaita wa baba, akaita shangazi aliyezama mtoni, akaita Khisa aliyekufa kabla ya kunyoa ndevu. Kilio kikapanda, kikawa cha hasira, na mabati yakaanza kutetemeka kidogo kidogo ingawa nje hakukuwa na upepo, naye akaita haraka zaidi, jasho likimtoka, mpaka marehemu wake wakamwisha na koo likamkauka, na hapo, bila kufikiri, kama mama yeyote aliyechoka, akageuza uso mlangoni na kuita, "Elsie. Letea mama maji."

Kilio kikanyamaza.

Kilinyamaza kama mtoto aliyepata titi. Elsie akaja na kikombe, akasimama mlangoni, akamwona mama yake amepakata kichwa cha sungura na kukibembeleza. Akacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho Naliaka alikisikia kwake, na hakujua kukiweka.

Siku hiyo kazi ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Watoto waligombania Sungura. Jioni Brayo alipovua alikuwa mkavu, hana hata tone la jasho.

"Mathe, leo sijaskia joto," akasema. "Ni kama kuna msee mdogo alikuwa ananishikia kichwa nisichoke."

Naliaka akamwambia aache bangi. Wote wawili wakacheka, lakini Brayo aliacha kucheka mapema.

Wakienda nyumbani Noonkopir, Elsie alibaki nyuma kidogo. Naliaka akamwita. Mtoto hakuitika. Akamwita tena, na Elsie akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu aliyesikia mwenziwe akiitwa. Ilibidi mama amrudie na kumshika bega. Akamuuliza, kwani huniskii? Elsie akamwangalia kwa huruma, hivyo tu, kama anayemhurumia mtu aliyekosea nyumba.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama maji yanayopenya chini ya mlango. Mwalimu alituma ujumbe kwamba mtoto haitiki majina yakisomwa. Kisha mtoto akapunguza maneno. Alipotaka chakula alisugua tumbo. Alipoulizwa kama ameoga alitikisa kichwa, sana, polepole, kama kichwa kimekuwa kizito kwa shingo. Naliaka akampiga kofi moja akidhani ni utundu, na mtoto hakulia, akainua viganja vyake viwili akaviweka mdomoni. Naliaka alikaa kitandani. Akampeleka kanisani akaombewa. Akampeleka hospitali, daktari akamwangalia koo na masikio akasema hana shida. Na huko nyumbani majirani wa ploti waliendelea kumwita mama huyo vile walivyomwita siku zote, Mama Elsie, Mama Elsie, asubuhi hadi jioni, na yeye kila akiitwa alihisi kama mtu mwingine kando yake pia anageuka.

Mume wake, Wakhungu, alikuwa Magadi kwenye kazi ya magadi, nyumba za kampuni, joto la kuua. Alikuja mwisho wa mwezi tu. Mchana mmoja Naliaka alisahau simu yake kwenye chumba cha mabati, na alipoirudia akakuta Wakhungu amepiga na simu ikapokelewa. Akampigia. Wakhungu alikuwa na furaha. Alisema kumbe mtoto amepata sauti, ulikuwa unanitisha bure. Alisema wameongea sana.

Naliaka akamuuliza ni nani waliongea.

"Elsie," akasema Wakhungu. "Amesema ako na wewe hapo kazini. Amesema wewe ni mama mzuri, umempatia jina. Sikuelewa hiyo. Lakini alikuwa anacheka."

Elsie siku hiyo alikuwa kwa jirani, Noonkopir. Ndani ya chumba cha mabati hapakuwa na mtu. Palikuwa na Sungura kwenye msumari wake, na Twiga kwenye msumari wa pili, Twiga ambaye hakuwa na wa kumvaa tangu Caren, msichana aliyemvaa, aolewe. Na harufu ya maziwa ilikuwa imeshika mpaka kwenye simu.

Sasa Jumapili iliyofuata ndiyo siku ambayo Naliaka hangeisahau hata azeeke akasahau kula. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, foleni ikafika getini, jua kali, vumbi, muziki. Akagonga mabati akasema Brayo, toka, watoto wamejaa. Mlango ukafunguliwa na Sungura akatoka akiwa ameshavaa, jambo ambalo Brayo hakuwahi kufanya, yeye alikuwa wa kusukumwa. Naliaka akamshika mkono akashukuru Mungu. Wakaanza. Huyu ni Moses. Huyu ni mwenye kofia, haya, sema jina lako. Sungura alichuchumaa kwa kila mtoto, akamkumbatia, akakaa hapo, akakaa hapo zaidi ya desturi, na mtoto akitoka alikuwa kimya, macho mazito, na nywele zake zinanuka maziwa. Naliaka alikuwa anaona hayo yote na kuyapita, vile mtu mwenye kazi nyingi huona moshi na kuupita, na mkono wa Sungura ulikuwa mwepesi ndani ya mkono wake, mwepesi kupita kiasi, glavu ikimbonyea kwenye vidole kana kwamba vidole vya ndani havijafika mwisho wa glavu, na alikuwa anajiambia Brayo amekonda, kijana hali vizuri, nitamletea chapati, wakati alipoinua macho akamwona Brayo akiingia getini kwa mguu, amevaa shati lake la Jumapili, amebeba viatu vyake mkononi, uso umejaa vumbi, akisema pole Mama Elsie nimechelewa, boda ilipata pancha, akisema hivyo na huku hatua zake zikipungua, zikipungua, mpaka akasimama na kutazama kile ambacho Naliaka alikuwa amekishika mkono.

Naliaka hakupiga kelele. Hilo watu hawakulielewa baadaye. Lakini utapiga kelele vipi mbele ya watoto wamepangwa foleni, wengine wameshika makoti ya mama zao? Alisema kwa sauti ileile ya kila siku, "Sungura amechoka kidogo. Mwambieni kwaheri." Watoto wakapunga mikono. Sungura akapunga. Akamwongoza kurudi, hatua kwa hatua, kile kimkono kikiwa kimemshika sasa kwa nguvu, akafungua mabati, akaingia naye, akafunga. Na mlango ulipofunga, vazi lilishuka sakafuni tupu, kama kanga iliyoanguka kwenye kamba. Ndani lilikuwa bado na joto.

Brayo hakuingia hata kuchukua sweta yake. Alizungumza na Naliaka kutoka nje ya geti, kwa kunong'ona.

"Huko ndani ya kichwa kuna sauti, Mama Elsie. Wiki mbili sasa. Inaniuliza mathe yangu ako wapi. Nikinyamaza inasema, hapana, si wako. Wangu."

Huyo akaenda, na wakasikia alipata kazi ya mjengo Athi River. Virginia, msimamizi, aliombwa vazi lichomwe. Hakutaka hata kusikia. Alisema hakuna Sungura, hakuna uwanja.

Aliyesema neno la maana alikuwa Nalangu, mama wa Kimaasai aliyeuza shanga kando ya geti. Alikuwa amesikiliza yote huku akitunga shanga zake. Alisema uwanda huu watu wamepita nao miaka mingi na ng'ombe, na ukame ukishika, wanawake walizalia njiani, na si kila mtoto aliyezaliwa njiani alifika. Mtoto aliyekufa bila jina hatajwi, utamtaja kwa jina gani? Anaachiwa upepo. Sasa nyinyi mkaja mkajenga hapa mahali pa kuita majina ya watoto kutwa nzima, kila siku, na mnashangaa kuna mtu amesogea karibu kusikiliza. Alisema hivyo bila ukali. Kisha akatafuta shanga nyekundu iliyokuwa imemponyoka. "Hiyo si kazi ya pasta," akasema. "Tafuta Nzisa."

Nzisa alikuwa mganga, mwanamke Mkamba, mnene, mwenye miguu ya kuvimba, akiishi peke yake upande wa Kisaju. Alikuja Jumatatu asubuhi wakati uwanja umefungwa, na Elsie aliletwa. Mtoto alikuwa amekonda. Aliingia chumba cha mabati mwenyewe, bila kuvutwa, akakaa kwenye stuli kama mtu aliyefika kwao. Nzisa akaliweka vazi la Sungura kwenye stuli ya pili, akalikalisha, kichwa juu. Akachoma majani yake. Moshi ulipanda, ukafika kwenye kile kichwa, ukaingia kwa wavu wa mdomo na haukutoka.

Nzisa alitazama hilo kwa muda. Kisha akamwita Naliaka pembeni.

"Mwiitu, binti yangu, hiki sikukifunga mimi, siwezi kukifungua. Wewe ulikipatia jina kwa huruma, na kitu cha huruma hakitoki kwa fimbo. Jina halilali nyumba mbili. Aliyeliita ndiye analifukuza."

Naliaka akauliza analifukuza vipi.

"Ukiite kwa hilo jina, ukiambie kitoke, kiende. Atakayeitika ataenda nalo."

"Na mtoto wangu?"

Nzisa akamtazama yule mtoto, amekaa na viganja mapajani. "Si umesema haitiki tena akiitwa hivyo? Basi hapo ndipo bahati yako iko. Atabaki bila jina, lakini atabaki. Mtampatia lingine. Watoto wangapi wamebadilishwa jina na wakaishi."

Naliaka akafikiri. Akauliza jambo moja tu, kama wote wakinyamaza je. Na Nzisa, ambaye alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana wake na hakuwahi kukosea njia, akasema hakuna kitu kinachoweza kuitwa na mama yake kikanyamaza.

Basi akasimama katikati ya stuli mbili. Upande huu manyoya, upande huu mtoto wake wa kuzaa. Moshi ulimwuma macho. Nje, mbali, ng'ombe wa mtu walipita na kengele. Alijaribu kumtazama Sungura peke yake, ili moyo usimchanganye, na akasema kwa sauti thabiti ya mama anayetuma mtu dukani:

"Elsie. Toka, uende."

Kichwa cha Sungura kikainuka. Kiliinuka polepole, kikageuka kumtazama, na masikio yake marefu yakatetemeka, na harufu ya maziwa ikajaa chumba mpaka Nzisa akashika pua. Kilikuwa kimesikia. Hapana shaka kilisikia, na kilijua ni chenyewe kinaitwa, na mwili wake wote wa manyoya ulikuwa umeinama mbele kwa hamu ya kuitika. Lakini kilikuwa mtoto mwenye adabu, na kilikuwa kimefundishwa. Kilikuwa kimesikia maneno hayo ya Naliaka kila alipokuja kijana mpya, ukiitwa usiitike, hata nikikuita mimi. Kikainua viganja vyake viwili, kikaviweka mdomoni.

Naliaka aliona viganja vikipanda na akaelewa, na tayari alikuwa amechelewa. Kutoka upande wa pili, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kutumika, Elsie alisema, "Niko hapa, mama."

Alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa zamani. Alikuwa amesikia mama yake akimwita, yeye, katika kelele yote iliyokuwa masikioni mwake majuma hayo yote, na akaifuata hiyo sauti mpaka mwisho wake. Na alikuwa daima mtoto wa kutumwa mara moja.

"Sawa, mama," akasema. Akashuka kwenye stuli, akapita mlangoni, akatoka kwenye mwangaza.

Naliaka alikuwa nyuma yake mkono umenyoshwa. Ni mlango tu uliokuwa kati yao. Lakini alipotoka nje palikuwa na jua na vumbi na bembea inayosukumwa na hewa, na uwanda ule wote, mahali ambapo ukimtafuta kuku unamwona akiwa mbali, na hapakuwa na mtoto. Nyayo zake zilikuwepo. Zilikwenda mpaka pale watoto hupangwa foleni, zikaishia hapo, vidole vikielekea mbele, kama za mtu anayengoja zamu yake.

Walitafuta. Polisi walikuja, Wamaasai walitafuta na mbwa, kanisa zima likatoka. Wakhungu alikuja kutoka Magadi, akatafuta mpaka midomo ikapasuka, akamuuliza mke wake swali moja kila siku, ulimwambia nini? Naye kila siku alimjibu ukweli. Mwishowe Wakhungu akarudi Magadi na hakupiga simu tena. Nzisa alifunga nyumba yake ya Kisaju akahama, na aliacha neno kwa Nalangu kwamba asitafutwe.

Naliaka alirudi kazini. Watu wa ploti walisema ana roho ya jiwe. Lakini mama aliyepoteza mtoto ataenda kukaa wapi, kama si mahali alipomwona mwisho? Alikuja asubuhi kabla ya wote, akafagia, akamshusha Sungura, akampiga brashi. Sungura hakuhitaji tena kuvaliwa. Virginia aliacha kuuliza ni nani aliye ndani. Alikuwa Sungura mzuri, mpole, hajawahi kusema neno, na watoto walimpenda.

Kisha asubuhi moja Naliaka alipofungua mabati hakusikia harufu ya maziwa. Alisikia harufu ya mafuta ya kujipaka, yale ya kopo dogo la bluu, na ya penseli iliyochongwa. Ilitoka upande wa pili, kwenye msumari wa Twiga. Na ndani ya kichwa cha Twiga mtoto alikuwa analia.

Hakikuwa kilio cha mchanga. Kilikuwa cha mtoto wa darasa la tatu aliyejaribu kuvumilia na akashindwa. Naliaka alikishusha kichwa, akakipakata, akakaa sakafuni, akaita, Elsie, Elsie, mama yuko hapa. Kilio hakikupungua. Ila kando yake, kwenye msumari wake, Sungura aligeuza kichwa kumwangalia alipolisikia jina hilo, akaweka viganja mdomoni.

Akaita Nasambu. Akaita Wekesa, Namalwa, Khisa. Aliita siku hiyo, akaita kesho yake, akaita kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa, marehemu wote wa boma lao na la jirani, na wengine aliowabuni. Mtoto alilia. Alilia mpaka sauti ikawa nyuzi. Walio hai Naliaka hakuwaita. Aliuma shuka ya mabega yake ili asiite. Alikuwa amejifunza, na alijiapiza, na Mungu anajua alitaka kukishika kiapo hicho.

Ni Jumamosi moja, geti limeshafunguliwa, yeye bado yuko chini amepakata kile kichwa, machozi yake yakianguka kwenye pembe za Twiga, ndipo mwanamke mmoja akapita nje ya mabati. Hakujua kuna mtu ndani. Alikuwa tu mama amekuja na mtoto wake.

"Makena," akaita. "Makena, kuja hapa upigwe picha."

Kilio kikanyamaza.

Naliaka hakusonga. Alisubiri kianze tena. Alisikia muziki ukiwashwa, alisikia treni ndogo ikipiga kengele. Angeweza kutoka mbio wakati huo, amshike yule mwanamke, amwambie chukua mtoto wako mwende na usiwahi kumwita tena hapa. Alijua hivyo. Kisha kitu kikamgusa kiganja. Ilikuwa glavu ya Twiga, na ndani ya glavu vidole vidogo, na kwenye kidole cha katikati kile kivimbe cha kushika penseli, ambacho yeye mwenyewe alizoea kukibusu.

Akafuta uso. Akasimama. Akafungua mlango, akatoka na Twiga kwenye jua, amemshika mkono.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa msichana wa rinda la manjano, amepungukiwa jino la mbele, na nyuma yake mama yake ameinua simu ya kupiga picha. Naliaka akachuchumaa mbele yake kama alivyochuchumaa mbele ya wote, akatabasamu, akamuuliza, "Na wewe unaitwa nani?"

Msichana akafungua mdomo. Akafikiri. Akageuka kumtazama mama yake.